Mstari Unaoikwepa Nyumba ya Baba

Mheshimiwa Diwani wetu, Mchungaji, Ndugu Mtendaji wa Kata, na ninyi wageni mliovuka mto Songwe asubuhi hii kuja kukaa nasi: mimi nimemkosea mke wangu Tulinagwe, na hii medali mliyonivisha sasa hivi si yangu. Nimeona niliseme hilo kabla ya salamu, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimu mpaka muite chakula.

Sasa nawasalimu. Mughonile, baba zangu. Mughonile, mama zangu. Nakusalimu katibu wetu, Muuguzi Asifiwe, wewe uliyeanzisha kikundi hiki kwa nia njema ukaniamini. Nakusalimu shemeji yangu Enoki, kaka yake Tulinagwe, uliyetoka Lyulilo na gari la kwanza ukijua umekuja kunipigia makofi. Kaa, shemeji. Nakuomba ukae mpaka nimalize, halafu utafanya utakavyoona.

Mnaniona nimeshika meza. Si kwamba nimechoka kusimama. Naogopa. Nimeogopa tangu mwezi wa nne, simu ya mtu ikilia karibu yangu nashtuka, na leo ndiyo nimeogopa kuliko siku zote, kwa sababu mmekaa wote mnanitazama kwa upendo.

Wageni hawajui shughuli yetu, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Mwaka jana Muuguzi Asifiwe alitupima presha watu wazima wa hapa, akatukuta wengi tuko vibaya. Ndipo akatuletea ile programu ya kwenye simu. Unatembea zako kwenda shamba, unaendesha baiskeli kwenda kukoboa mpunga, simu iko mfukoni inahesabu, na kwenye ramani jina lako linasogea kulizunguka Ziwa Nyasa lote. Unaanzia Matema, unashuka mpaka Mbamba Bay, unaingia Msumbiji, unazunguka kule Malawi, unapandisha, unavuka Songwe, umerudi kwenu. Kilomita elfu moja na mia saba, kama walivyotupangia wenye programu. Ukipanda bodaboda inakataa, inajua huo si mwendo wa miguu wala wa pedali.

Mnakumbuka tulivyocheka mwanzoni. Prosper alitoka kununua chumvi, akarudi nyumbani yuko Msumbiji. Mama Jubilate alimwambia mumewe, "Leo usinitafute, mimi nalala Nkhata Bay," na wakati huo yuko jikoni anamenya ndizi.

Mimi jina langu lilikaa Matema wiki tatu. Nikipita dukani kwa Gwamaka wananiuliza, "Baba Jeni, kwani huko Matema samaki hawajaisha tu?" Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki. Baiskeli ninayo, gurudumu la nyuma halina upepo tangu mavuno ya mwaka juzi. Miguu ninayo. Na Asifiwe alikuwa ameniambia wazi kwamba presha yangu inatisha, kwa hiyo niliogopa vitu viwili: niliogopa kufa, na niliogopa kuwa wa mwisho. Je, mnajua kipi kilinisumbua zaidi? Kuwa wa mwisho.

Asubuhi moja nimekaa nakunywa chai, nikamtazama mke wangu anavyotoka na kuingia. Ameshakwenda kisimani mara mbili. Anatoka hapo anakwenda kwenye mpunga, akirudi anakwenda mashineni, jioni ana mazoezi ya kwaya. Nikawaza, huyu mtu angekuwa na simu angekuwa ameshafika wapi?

Nikamwambia, "Mama Jeni, uwe unatembea na simu yangu. Nikikuhitaji nitakupigia kwa ile iliyopasuka kioo."

Akaniuliza, "Simu yako? Hii kubwa?"

"Hiyo hiyo."

"Na nikiiangusha?"

"Hutaiangusha."

Akafuta mikono kwanza, akaipokea. Akatafuta lile kopo la plastiki la siagi, lenye mfuniko unaobana, akaiweka humo mvua isiiharibu, akaweka kopo kwenye kikapu. Jumapili akawaambia wenzake wa kwaya, "Siku hizi Baba Jeni ananiamini, ameniachia simu yake." Wanakwaya mko hapo, naona mnatikisa vichwa. Alifurahi, sivyo? Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na hilo ndilo lililomfurahisha.

Jina langu likaanza kutembea, ndugu zangu. Ndani ya wiki mbili nikampita Gwamaka. Nikaingia Msumbiji. Dukani wakaacha kuniuliza habari za samaki, wakaanza kuniuliza siri yangu. Mimi nikasema siri ni kuamka mapema. Na kweli kuna mtu alikuwa anaamka mapema.

Ningeishia hapo, labda leo ningekuwa nachekwa tu. Sikuishia hapo. Nilianza kumtuma. Chumvi ipo, namwambia haipo. Nenda Ipinda ukaulize bei ya kokoa, na bei nimeshaisikia kwa jirani. Akirudi namwambia, hivi ulimsalimia mama mkubwa? Hukumsalimia? Basi rudi kesho. Akikaa chini kupumzisha miguu, mimi nahesabu kilomita ambazo haziendi. Alianza kulala mapema, anajikanda magoti kwa mafuta, ananiambia, "Sijui nazeeka, Baba Jeni." Nikamwambia mazoezi ni mazuri kwa mwili.

Sasa naomba mgeuze macho mtazame hiyo ramani ukutani nyuma yangu. Muuguzi Asifiwe ameichapisha ili muone njia zangu za kila siku. Tazameni hapa, karibu na mto. Hii ni nyumba ya baba yangu mzazi, na hapa mbele ya uwanja wake ndipo lilipo daraja. Mstari unakuja vizuri, ukikaribia kwa baba unaacha njia, unaingia kwenye mashamba ya watu, unazunguka kwa nyuma, unashuka mpaka kwenye kivuko cha chini ambako watu wanavuka kwa kukanyaga maji, halafu ndiyo unarudi barabarani. Siku zote hivyo. Wiki iliyopita Asifiwe aliniuliza, "Baba Jeni, mbona kila siku unamkwepa baba yako?" Nikamjibu kule mbele kuna matope.

Nawauliza ninyi. Ni mtoto gani wa kiume anayeikwepa nyumba ya baba yake miezi saba, asubuhi na jioni? Naona mama zangu mmeshaelewa, hata sijamaliza kusema. Kwa faida ya wageni: kwetu sisi, kwenye nyumba zinazofuata ya zamani, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hapiti mbele ya uwanja wa mzee huyo, mzee akiwa amekaa hapo. Akimwona, anaacha njia. Siku hizi wengi wameacha, lakini baba yangu ni mtu wa zamani, na Tulinagwe alipoolewa kutoka Lyulilo aliambiwa hivyo siku ya kwanza, akashika. Baba anakaa barazani tangu jua linachomoza, anatazama daraja. Kwa hiyo mke wangu hajawahi kulipita daraja lile mchana, baba akiwepo. Huu mstari ni wa mkwe. Ramani ilikuwa inasema kila siku, na mimi nikaacha itundikwe ukutani nipigiwe makofi.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, na naomba mnivumilie.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kule juu milimani, mnajua maana yake huku chini. Nilikuwa nimebakiza kilomita tatu. Prosper yuko nyuma yangu kilomita sita, ana baiskeli nzuri na ana hasira. Nikamwambia Tulinagwe, "Dada yangu wa Katumba Songwe anaumwa sana. Mpelekee mchele."

Dada yangu alikuwa mzima. Yuko hapo nyuma, leo ndiyo anasikia.

Tulinagwe akatazama nje. "Na mvua hii?"

"Anaumwa sana."

Akapanga mchele kwenye kikapu, akaweka kopo juu yake. Alipofika mlangoni akasimama. Akasema, "Mto umejaa, Baba Jeni. Nipite wapi?"

Akanisubiri. Nawaambia ukweli, nilijua anasubiri nini. Alikuwa anasubiri niseme, pita darajani, mimi natangulia kwa baba kumwambia. Ni mwendo wa dakika kumi. Lakini ningefika kwa baba angeniuliza huyo mgonjwa ni nani, amepatwa na nini, na baba akiuliza huwezi kumdanganya. Nikamwambia mke wangu, "Wahi kurudi."

Akaenda. Mimi nikaingia kwenye kibanda tunachokaushia kokoa, ili mtu asinione nimekaa wakati jina langu linatembea. Nikafungua programu kwa ile simu iliyopasuka, upande wangu mwenyewe unaoonyesha simu yangu iko wapi hasa hapa kijijini, nikawa natazama. Jina langu likapita shamba la Gwamaka. Likafika kwenye kona ya baba. Likaacha njia, likazunguka. Saa nne na dakika kumi likafika kivukoni. Likaingia majini. Likasimama.

Ndugu zangu, je, mmewahi kuona jina lenu limesimama katikati ya mto? Nilikuwa na ndizi mkononi. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikajisemea anavuka polepole, amepandisha kanga, mikono yake imeshika kikapu. Halafu jina likaanza kwenda. Nikashukuru Mungu. Kisha nikaona haliendi upande wa pili. Linashuka. Linafuata mto, linakwenda na kila kona ya mto, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Hakuna mtu anayetembea hivyo. Hakuna njia pale. Pale ni maji.

Na ninyi mlikuwa mnaangalia ile ramani ya ziwa, kila mmoja kwake, hamkujua. Meseji zikaanza kuingia. "Twende mzee." "Bado kilomita moja." "Bado mita mia nne, usilegee." Nilikuwa nasoma mnavyonitia moyo, na macho yangu yanamwona mke wangu anakwenda na maji. Programu ikapiga ile tarumbeta yake. Ikaandika kwamba Anyelwisye amelimaliza ziwa. Mheshimiwa Diwani, ujumbe wako ndio ulikuwa wa kwanza. Uliandika, "Hongera jembe letu."

Kwa hiyo mjue. Hiyo kilomita ya mwisho sikuitembea mimi, na Tulinagwe pia hakuitembea. Ilitembezwa na mto. Kikapu kilikuwa kinaelea na kopo juu yake.

Nilikimbia. Nilipita mbele ya uwanja wa baba, akaniita, sikuitika. Sijui nilifikaje ule upande wa chini. Najua kwamba miguu yangu ilikuwa inakwenda na kichwa changu kinapanga namna ya kumwambia Jeni, binti yetu, kwamba mama yake hayupo. Nilikuwa nimeshachagua maneno.

Lazaro, simama watu wakuone. Huyu alikuwa amekwenda kufunga mtumbwi wake usichukuliwe na maji. Akasikia mtu anakohoa kwenye matete. Tulinagwe alikuwa ameshika tete kwa mikono miwili, maji yamefika hapa shingoni, gogo limempiga nyongani. Alikaa humo karibu saa nzima. Lazaro, ndaga. Nilikushukuru siku ile, lakini hukujua nakushukuru kwa nini hasa. Kaa, ndugu yangu.

Nilipofika alikuwa amelazwa kwenye nyasi, amefunikwa shati la Lazaro, midomo inatetemeka. Akafungua macho akaniona. Mnajua alisema nini? Hakusema nyonga inauma. Alisema, "Baba Jeni, simu yako imekwenda. Nilikuwa nachagua, nishike tete au nishike kikapu. Nikaachia kikapu. Nisamehe."

Na mimi nikamwambia, "Nimekusamehe."

Nilisema hivyo. Lazaro ni shahidi. Mtu nimemtuma majini kwa uongo, amenusurika, ananiomba radhi kwa sababu ya simu, na mimi nimesimama juu yake namsamehe.

Tangu aliporuhusiwa hospitali yuko Lyulilo kwa kaka yake, maana wifi yake anaweza kumgeuza na kumwogesha. Nimekwenda mara mbili. Nimepeleka ndizi, nimepeleka sukari, nimekaa pembeni ya kitanda. Mara zote mbili alinishika mkono akaniuliza kama bado nina kinyongo na simu. Mara zote mbili nikasema sina, nikatazama ukuta. Nikarudi nyumbani, nikakuta mwaliko wa sherehe hii, nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali. Nadhani niliogopa kwamba nikikataa mtauliza sababu.

Juzi ndiyo nilikwenda kwa baba. Nikamweleza yote, kuanzia kopo la siagi. Yuko kwenye miaka themanini na kitu, nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Na wewe hukuja kuniambia kwamba anataka kupita?"

Nikasema, "Sikuja, baba."

Akasema, "Ningekaa nyuma ya nyumba. Kiti hiki ni chepesi."

Jana nimepita nikaona amekihamisha. Barazani hakuna mtu. Miaka ishirini na mbili mke wangu amezunguka kwenye umande na matope na watoto mgongoni, na lililokuwa linatakiwa ni mimi niende nikaseme neno moja. Na kule kuzunguka ndiko kulikonipa kilomita za kumshinda Prosper.

Muuguzi Asifiwe, naivua hii medali, naiweka hapa mezani kwako. Wa kwanza ni Prosper, mwite baadaye umvishe, alizipiga pedali mwenyewe. Na zile kilomita nyingine, kama kamati mtaona ziandikwe kwa jina la Tulinagwe, nawaomba mkamuulize kwanza mwenyewe kama anazitaka. Mimi sijawahi kumuuliza kitu anachotaka.

Shemeji Enoki. Jumatano ulinipigia ukasema homa imerudi, kikohozi kimeshuka kifuani, anahema kwa shida, na Jumatatu anarudishwa hospitali kupigwa picha ya kifua. Nimekuwa nikisikia sauti yako masikioni tangu Jumatano. Mimi naogopa picha hiyo. Naogopa sana kwamba Tulinagwe anaweza kuondoka duniani akiamini kwamba kati yetu sisi wawili yeye ndiye aliyekosa. Usiku na mchana hilo ndilo ninaloliogopa, kuliko hasira yako, kuliko kicheko cha watu wa dukani, kuliko hata presha. Nakuomba kitu kimoja, na una haki ya kuninyima: usimpigie leo. Si kwamba nataka umfiche. Nataka alisikie kwenye mdomo uliomdanganya.

Nilikuwa nimepanga niende Lyulilo kwa miguu, siku mbili njiani, iwe kama adhabu. Nikamwambia Mchungaji asubuhi. Akaniuliza, "Utembee ili nani akuone, Anyelwisye?" Kweli ingekuwa safari nyingine ya kuonyesha watu, na mgonjwa anakohoa ananisubiri. Nitapanda gari kama mtu mwingine yeyote.

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji, wageni wetu, wanakikundi wenzangu: mlikuja kwenye shangwe mkanipa masikio yenu kwa jambo zito namna hii, wala hakuna aliyenyanyuka. Ndaga fijo. Chakula kipo, kuleni, msikiache kwa ajili yangu.

Mimi siwezi kula nanyi. Kesho Jumapili napanda gari la kwanza, na kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimekaa sakafuni mbele ya kitanda cha Tulinagwe, nyumbani kwa Enoki, mlango uko wazi na ndugu zake wanasikia. Nitamwambia kwamba dada yangu hakuwa mgonjwa. Nitamwambia simu ilikuwa ya kazi gani. Nitamwambia kwamba yale maneno aliyoniambia kwenye nyasi, ya kuomba asamehewe, yalikuwa yangu mimi kuyasema, na nitayasema. Halafu nitanyamaza, nimsikilize yeye, hata kama atakachosema ni kwamba niondoke.